Ukingo wa Picha ya Sita

Nora Haslam alikuwa na picha sita za Leonard Croasdale. Tano zilikuwa na sahihi ya mchoraji, kwa penseli, kwenye ukingo mweupe wa chini. Ya sita haikuwa na ukingo. Mumewe aliukata.

Croasdale alichora watu wa mji wao: wanawake waliopiga magoti wakisugua vizingiti vya milango, wanaume wakitoka zamu, foleni ya samaki na chipsi siku ya Ijumaa. Kila mchoro aliupiga chapa nakala mia tano, akazitia sahihi na namba moja baada ya nyingine. Nora, aliyeingia kiwanda cha pamba cha Bankfoot akiwa na miaka kumi na mitano, alinunua ya kwanza kwa sababu mwanamke mmojawapo alifunga kitambaa kichwani kama mama yake. Nyingine zilifuata polepole, kila alipoweza.

Ya sita ilionyesha ukumbi wa kufumia wa Bankfoot. Wilf, mumewe, aliinunua kwa siri ampe siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa na fremu ya mwaloni iliyowahi kubeba picha ya harusi ya shangazi yake, na kwa Wilf kununua fremu mpya wakati nzima ipo kwenye kibanda chake cha bustanini ilikuwa dhambi. Picha ilizidi fremu kwa vidole viwili. Akachukua mkasi.

"Si karatasi nyeupe tu ile, mama?" alisema Wilf, Nora alipouliza sahihi iko wapi. "Picha yenyewe sijaigusa hata kidogo."

Nora alimnunia hadi Jumapili. Wilf alikitafuta kipande kile kwenye mapipa na makapu, asikione. Baadaye jambo hilo likawa kichekesho cha nyumbani, na kila mgeni alisimuliwa. Kisha Wilf akafariki, na hakukuwa tena na wa kuchekwa.

Ilipotangazwa kwamba Bankfoot itabomolewa, maktaba ya mji ikaomba kuzitundika picha zote sita kwa mwezi mzima. Nora hakulala vizuri kwa furaha. Alitaka waliofanya kazi mle wazione pamoja kabla bomba la moshi halijaanguka. Lakini Gillian wa maktaba, msichana mpole mwenye daftari, alieleza kwamba kamati inapokea zenye sahihi peke yake. Bila sahihi, alisema, chapa ni sawa na ukurasa wa kalenda. Akampa wiki mbili za kukitafuta kipande kilichokatwa.

Nora akaenda na jirani yake Mavis kwenye kibanda cha Wilf, katika kibustani cha kukodi nyuma ya reli, ambacho hakuwa amekigusa tangu msiba. Walipekua makopo ya mbegu mpaka vidole vikawa vyeusi. Mavis ndiye aliyekiona: kipande cha karatasi nzito, kimepigiliwa misumari midogo kwenye ubao wa rafu. Kwa mwandiko wa Wilf, kuhusu mbegu za liki, mboga kama kitunguu kirefu, alizopewa na rafiki yake Frank, kilisema: *Liki za Frank. Panda siku ya pili ya Krismasi. N. anazipenda changa.*

Nora aling'oa misumari kwa kisu, akakigeuza. Leonard Croasdale, 61/500.

Kwa miaka ishirini Wilf alisimama mbele ya kitu alichokuwa akikitafuta, akisoma upande wake mwenyewe.

Gillian alifurahi kuliko wote. Alisema fundi wa makumbusho atakiunganisha na picha, hata mshono hautaonekana. Nora akauliza vipi kuhusu maandishi ya nyuma. Gillian akajibu kwamba fundi atabandika karatasi ya kushikilia upande huo, kwa hiyo yatafunikwa, lakini hayana umuhimu kwa mchoro.

Mavis alikuwa amekaa nyuma ya Gillian. Wafumaji wa Bankfoot walizoea kuzungumza kwa midomo tu, maana kelele za mashine hazikuruhusu sauti, na wawili hao hawakuwahi kuacha.

"Bandika, mjinga wewe," midomo ya Mavis ikasema. "Wilf hatajua."

"Mimi nitajua," ya Nora ikajibu.

Gillian aliinua macho kutoka kwenye daftari, akauliza kama kuna tatizo. Nora akamwambia hakuna, mwanangu, ila atatoa tano.

Zilitundikwa tano. Nora alikwenda siku ya ufunguzi na kofia yake nzuri, akasimama mahali ambapo ya sita ingekaa, na watu wa zamu ya zamani wakamwonyesha nani ni nani kwenye picha kana kwamba hajui.

Ya sita ilibaki juu ya meko. Mbele ya kioo, kwenye ubao wa chini wa fremu, alichomeka kile kipande, mwandiko wa Wilf ukiwa nje. Siku ya pili ya Krismasi alisafisha kisanduku cha mbegu, akajaza udongo, akapanda liki.