Bukari ya Mkono wa Kushoto

Katika hospitali ya weusi, daktari Mbelgiji alinipasua kiganja cha kulia kuulegeza mshipa wa fahamu uliobanwa. Alisema ganzi ya vidole itaondoka kwanza, nyuzi zitatolewa baada ya wiki mbili, nguvu itarudi mwisho kabisa. Vidole nivichezeshe, lakini nisishike kitu kizito.

Ganzi iliondoka kweli. Kilichonishinda ni kutulia. Nilizunguka nyumba yetu, katika mtaa wa mjini uitwao Kenya, nikihamisha sufuria bila sababu, nikimkaripia mume wangu kwa jinsi anavyofagia.

Siku ya sita mama mkwe akafika kwa treni kutoka Mokambo. Kwetu, mama mkwe hapikiwi na jirani. Nikasonga bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto, ikatoka mabonge. Nikakasirika, nikahamishia mwiko kulia. Bandeji ikalowa damu.

Aliyala mabonge yale yote. Nilipommwagia maji ya kunawa, akafungua kiganja chake cha kulia. Chini ya kidole gumba nyama ilikuwa imekwisha, pamebaki shimo.

“Mukono yangu habakuipasula,” akasema, akinisogezea kigoda. “Ikala chini.”

Nikakaa, mara ya kwanza tangu nitoke hospitali.