Kitabu cha Wajapani na Ufunguo wa Mama Njeri

Jumamosi, Julai 1994. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio. Ndivyo daftari langu linavyosema, nami naliamini kuliko ninavyojiamini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa amenunua koti la mtumba katika soko la Gikomba, na mfukoni mwake akakuta kitabu kinachonuka dawa ya nondo. Kilikuwa hadithi ya Wajapani, kwa Kiingereza kilichonizidi kimo. Mzee anakutwa amechomwa kisu chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, na nyumba yenyewe ni ya ajabu: ngazi zinashuka ili upande, ukifungua dirisha unakuta dirisha lingine. Nilichanganyikiwa. Sisi mtaani kwetu Makongeni tulikuwa na chumba kimoja na pazia katikati. Mtu kujifungia ndani peke yake, hilo tu kwangu lilikuwa fumbo. Tena kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Nilichoelewa, kama nilielewa, ni kwamba mlango ukiwa umefungwa, mtafute mwenye ufunguo.

Siku hiyo tulirudi kutoka sokoni tukakuta kitambaa cheupe cha Mama hakipo. Ndicho angejifunga kichwani kesho yake, akisimikwa kiongozi wa akina mama kanisani. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo wa pili ulikaa kwa jirani yetu Mama Njeri, kama ilivyokuwa desturi ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, maana moto hauulizi mwenye nyumba yuko wapi.

Tulipokwenda kuchota maji, nikasema mbele ya foleni nzima, "Kufuli halikuvunjwa. Mwenye ufunguo mwingine ni Mama Njeri tu."

"Haya, askari kanzu wa Makongeni," mwanamke mmoja akacheka. "Nani amekufunza hayo?"

"Kitabu."

"Nyamaza, Nekesa," Mama akasema.

Mama Njeri alikuwa nyuma yetu. Aliweka ndoo chini, akaenda kwake, akarudi na kitambaa kimekunjwa vizuri, bado kina joto la pasi ya makaa. "Mama Nekesa, nilikiona kimekunjamana, nikasema kesho ni siku yako." Kisha akaweka ufunguo juu yake. "Na huu ukae nao."

Ulimi hauna mfupa. Lakini kwa haki, nilisema kweli: ndiye aliyekichukua. Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii na bado sijui kosa langu lilianzia neno gani. Sasa naishi kwenye ghorofa, mlango wa chuma, makufuli matatu. Jirani simjui jina. Nikifa humu watavunja mlango, kama kwa yule mzee Mjapani, na nani alimuua sijapata kujua.

Jioni ile Mama alitoa bakuli ambalo Mama Njeri alituletea nalo githeri ya mahindi na maharagwe juzi yake. Bakuli la jirani halirudi tupu. Akalijaza chakula, akanipa na ule ufunguo. "Peleka wewe. Mdomo umetangulia, miguu ifuate."

Mama Njeri alipokea bakuli. "Wewe umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale."

Ufunguo ulibaki kwake, lakini sikumbuki kama aliupokea mkononi au niliuacha mezani nikakimbia. Daftari halisemi. Linasema tu: ugali, sukuma wiki, nyama hakuna.