Figa la Mama Chini ya Altare ya Mabawe

Niliondoka Biharamulo kwa sababu ya figa moja. Kwetu Mabawe, vijana walipoitwa vitani, kila mama alichomoa figa moja jikoni kwake, likawekwa kanisani chini ya altare. Kijana akirudi salama hulibeba mwenyewe. Akifa, wazee hulipeleka makaburini. Na likishaondoka, hakuna anayeuliza. Mwenye jiwe ndiye husema.

Vita vilikuwa vimekwisha, na kaka yangu Petro hatukuwa na habari zake. Mama alikuwa amehamia kwangu, anapikia mafiga mawili na kipande cha tofali. Siku ya gulio akapita jirani wa zamani, akasema, "Jiwe la Petro halipo tena." Basi! Akanunua chumvi yake, akaenda zake. Mama hakulia. Aliacha kula, akawa anaonja uji tu. Siku ya tatu nikasema potelea mbali, mimi nakwenda kuuliza.

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la pamba, barua ya ruhusa ya safari ya katibu wa kijiji nimeifunga kwenye pindo la kanga. Petroli ilituishia Nyakahura, tukakaa hapo hadi kesho yake. Mbele kidogo mgambo wakatusimamisha, mmoja akanijia.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kanisani."

"Leo Jumanne!"

"Kwani Mungu wako hupokea wageni Jumapili tu?"

Akacheka, akainua mti wa kizuizi. Mimi sikucheka.

Ngara mjini nilishuka saa nne, nikashika njia ya Mabawe kwa miguu. Alasiri nikaliona kanisa, matofali ya kuchoma na vigae vyekundu, lililojengwa na mapadre wa zamani kabla Mama hajazaliwa. Tangu watu wahamishiwe kijijini, kule barabarani, limebaki na nyumba ya masista tu na migomba iliyoachwa. Lakini sakafu ilikuwa imefagiwa.

Chini ya altare nilihesabu mafiga tisa. Mahali pa kumi palikuwa na alama ya masizi tu. Nikakaa palepale sakafuni.

Katekista aliyenifundisha sala utotoni akatoka sakristia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mama hajambo?"

"Hali chakula. Mwalimu, jiwe la Petro liko wapi?"

Akakunja uso. "Hilo haliulizwi."

"Nimeshauliza!"

"Basi mwenye jiwe aseme. Nenda kwa masista, nyuma ya bustani ya kabichi."

Makaburi yako upande huo; nikajua naelekezwa kaburini. Nikaenda nikilia waziwazi, sina aibu. Nyuma ya kabichi alikaa mwanamume mwembamba anapukuchua maharage, mguu mmoja umefungwa bendeji, ameuegemeza juu ya figa la Mama.

"Mmehamia mbinguni?" akasema Petro. "Nimetuma barua mbili kwa madereva!"

Nilimchapa kwa kanga, nikamkumbatia, nikamchapa tena. "Hata barua moja haikufika! Ungemtuma mtu!"

"Si wote hapa wameniona? Nilijua watasema."

"Waseme vipi, mjinga wewe? Wanangoja useme wewe!"

Akajipiga paji la uso. Kisha tukacheka mpaka sista mmoja akatoka kutunyamazisha.

Tulirudi Jumamosi, masista waliomtibu walipomruhusu. Petro hakukubali nimsaidie, figa ndani ya mkoba wa jeshi, fimbo mkononi, anahema kila mlima. Nami njiani niliapa kwamba mila nitaiheshimu, ila habari ya mtu wangu nitaiuliza hata nikionekana sina adabu.

Mama alikuwa jikoni amekaa, moto hakuwasha. Petro alipiga goti la mguu mzima, akatoa tofali, akaweka figa mahali pake.

Mama akalitazama jiwe, akamtazama yeye.

"Lisogeze ndani kidogo," akasema. "Chungu kitainama."

Akawasha moto. Ugali ulipoiva, yeye ndiye aliyetangulia kunawa.