Treni Aliyoiacha Mushiya

Mushiya alizaliwa Musonoi, mtaa wa mji wa Kolwezi kule Kongo, kwenye nyumba ya kampuni, karibu na shimo la shaba. Mkoa wa Kasai hakuwahi kuuona hata siku moja. Aliyetoka huko ni baba yake, Tata Tshiamala, aliyeletwa akiwa kijana asiye na ndevu ili achimbe mawe. Akaoa, akazaa, akazeeka, akamzika mke wake katika udongo wa Kolwezi. Basi mwaka ule wa 1993, vijana wenye fimbo walipopita mlango kwa mlango wakipiga kelele kwamba Wakasai warudi kwao, mzee alitoka nje akawauliza kwa upole, "Kwetu ni wapi, batoto?" Walimjibu kwa jiwe kwenye dirisha.

Jioni hiyo hiyo familia ilihamia gare, yaani stesheni ya treni, kama wenzao wote. Watu walikuwa wamejaa kando ya reli, chini ya shuka, maturubai na mabati waliyong'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Mvua ilinyesha, vyoo vilifurika, na ugonjwa wa kuhara ukaingia. Tata Tshiamala akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Treni ya kwanza ilipofika, mzee hakuweza kusimama, na ndani ya mabehewa watu walibanana wima hata mtoto hakupata pa kukaa. Badibanga, mume wa Mushiya, alimvuta mkewe pembeni.

"Mi nitapanda na batoto," alisema. "We utatufuata, tata akipata nguvu."

Walidhani ni jambo la siku chache. Mushiya akawabusu wakubwa, Simone na Kalala, akamfunga Bilonda, kitinda mimba wake, mgongoni mwa Badibanga. Baada ya hapo treni zikaadimika, na mzee hakupata nguvu.

Asubuhi moja treni iliingia, na mfanyakazi mmoja wa reli akawa anauliza kila hema, "Mama Mushiya iko wapi?" Alimletea ujumbe kutoka Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambako Badibanga na watoto walishukia: Bilonda ana surua, haachi kumlilia mama yake, aje upesi.

Watu walishaanza kupanda. Jirani mmoja alimshika Mushiya mkono, "Panda, mama, nafasi iko!" Tata Tshiamala, akiwa amelala juu ya mkeka, aliinua kidole tu. "Endaka, mwanangu. Mi nilishafika."

Mushiya aliweka mguu kwenye ngazi ya behewa. Akageuka akamwona baba yake, mdomo umekauka, nzi wamemjaa usoni, hakuna hata mmoja wa kuwafukuza. Akashuka. Akataka kupanda tena. Ghafla akajikuta nyuma ya ghala la mizigo, amekaa chini, anapumua kama mtu aliyetolewa majini.

Hapo ndipo Agnès alipomkuta. Agnès alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mkoa ule ule uliokuwa ukiwafukuza Wakasai, na jirani yake wa Musonoi. Waliimba pamoja kwaya ya parokia. Ndugu zake walimkataza kukanyaga gare, lakini alikuwa akija na bukari, ugali wa kwao, ndani ya kikapu, juu ameweka nguo chafu kama mtu anayekwenda kufua.

Alipokwisha kuelezwa, aliweka kikapu chini. "Tusali, Mushiya."

"Sali we. Mi maneno ilishaisha."

Agnès akaketi kando yake. "Basi umwambie Mungu ile ile. Umwambie maneno ilishaisha."

Mushiya alikuwa mtu wa kuombea wengine. Kwenye jumuiya, palipokuwa na mgonjwa, yeye ndiye aliyeitwa, na sala zake zilikuwa ndefu na nzuri. Siku ile alisema tu, "Bwana, maneno ilishaisha. Mi niko mutu mumoja. Siwezi kuwa huku na kule." Akayarudia, na kuyarudia tena, mpaka machozi yakatoka. Hakusikia sauti yoyote. Ila pumzi ilirudi, taratibu, na kile kilichokuwa kimejaa kichwani kikaanza kutulia, akaweza kukitazama. Bilonda alikuwa na baba yake. Mzee hakuwa na mwingine. Akamtaja Bilonda kwa jina, akamkabidhi kwa Mungu, akainuka.

Treni ilipoondoka alikuwa akimfuta baba yake uso kwa kitambaa chenye maji. Alilia, lakini hakuacha kumfuta.

Tata Tshiamala alikufa alasiri moja, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya binti yake, akiita jina la Mungu kwa Tshiluba, lugha ya utoto wake. Agnès alileta wanaume wawili wa parokia. Walimbeba kupitia katikati ya mji, watu wakiwatazama kwa macho mabaya, wakamzika kando ya mke wake.

"Mi mwenyewe nitaangalia kaburi yao," Agnès alisema. Walishikana, kisha wakaachana.

Mushiya alipofika Mwene-Ditu, Badibanga alikuwa akimngoja na Simone na Kalala. Mgongoni mwake hakukuwa na mtu. Mushiya aliuliza ni lini. Aliposikia, alielewa kwamba kama angepanda treni ile, angemkuta Bilonda hai.

Miezi mingi hakuweza kuingia kanisani. Alikaa nyuma ya nyumba ya kupanga akimwambia Mungu mambo ambayo padri asingependa kuyasikia. Aliyasema yote, kila siku, wala hakuyapamba. Na katika kusema huko, siku moja alijikuta amenyamaza, hana hasira, ana huzuni tu. Huzuni aliweza kupika nayo, na kuwavalisha nayo watoto wawili waliobaki.

Sasa wanawake wa mtaa wake, mambo yakiwazidi, huja kwake. Yeye hawahimizi kushukuru. Huwapa kiti, akakaa nao, akawaacha waanze wenyewe, hata kama mwanzo huo ni kilio. Mmoja wao, aliyekuwa na mtoto mgonjwa, aliwahi kumwuliza kama siku ile ya treni aliamua vema.

"Sijui, mama," Mushiya alimjibu. "Hata leo sijui. Tata hakukufa peke yake. Bilonda alikufa akiniita. Yote mbili ni ya kweli, na yote mbili Mungu anaijua."

Kisha akamwuliza yule mwanamke mtoto wake anaendeleaje.