Kapu la Bi Nezihe na Paka Aitwaye Kadhi

Mtaniita muongo kabla sijafika katikati. Haidhuru, wajukuu zangu wameshanizoesha. Anayetaka ushahidi aje Istanbul, apande mteremko wa mtaa wetu pale Uskudar, amuulize yeyote kuhusu asubuhi aliyohama Bi Nezihe, na jinsi paka mmoja alivyolizima katapila zima.

Bi Nezihe, mshona mapazia, aliingia ghorofa ya pili ya nyumba ile akiwa bibi harusi, na humo akazeeka. Wakaja wakaguzi, wakatoboa nguzo, wakasema tetemeko likipita hata kwa kunong'ona, nyumba inalala chini. Ibomolewe. Mwanawe, Erkan, akamwambia, "Mama, utakaa kwangu." Kwake ni ghorofa ya kumi na moja, pembezoni mwa jiji, vioo vitupu, hakuna dirisha linalofunguka.

Hayo yote aliyameza. Kilichomkwama kooni ni Kadhi.

Kadhi ni dume la kijivu, sikio moja limechanika, hana mwenyewe na wenyewe ni mtaa mzima. Jina alilipata kwa kukaa mlangoni pa bucha akimkazia macho kila mteja kama anamsomea hukumu. Alilala kwenye stoo ya makaa, chini ya nyumba ya Bi Nezihe. Sasa, mwanamke wa mtaa wetu akitaka mkate hateremki ngazi; anashusha kapu kwa kamba dirishani, mwenye duka anatia. Bi Nezihe alishusha kapu na vipande vya maini, na bwana mkubwa yule, badala ya kula chini kama paka wenye adabu, aliingia kapuni akangoja kuvutwa juu.

"Namchukua," Bi Nezihe alimwambia Bi Perihan, jirani wa nyumba ya mkabala.

"Humchukui! Huyo wa mtaa. Ukamfungie huko mawinguni, atazame ndege kwenye kioo mpaka apate wazimu?"

"Na nikimwacha? Katapila linakuja, na yeye atarudi stooni kulala. Nani atamtoa? Wewe, uliyemrushia kandambili juzi?"

"Aliiba samaki wangu!"

"Basi nyamaza, shoga yangu."

Alimnyamazisha Perihan, lakini lile neno la kioo halikunyamaza. Kila akikunja pazia alilisikia.

Asubuhi ya kuhama alipita mlango kwa mlango, kama ilivyo ada. "Nihalalishieni, majirani, kama niliwakosea." Nasi tukajibu, "Tumekuhalalishia." Hakumwomba Kadhi. Ya nini, na anaondoka naye?

Mambo yalianza vizuri mno. Kadhi aliingia kapuni bila ubishi, Bi Nezihe akamfunika mtandio, akapanda mbele ya lori pamoja na Erkan, kapu magotini. Katapila lilikuwa limeshasogea mlangoni pa nyumba. Dereva wake, Hasip, alitafuna mbegu za alizeti. Alikuwa na amri ya kuanza lori likisogea tu.

Kwetu mtu akisafiri humwagiwa maji nyuma ya gari, aende na arudi kama maji, bila kukwama. Bi Perihan alisimama tayari na ndoo. Ila katapila lilikuwa limeziba njia ya chini, kwa hiyo lori ilibidi litoke kinyumenyume, lipande juu. Nyuma ikawa mbele. Maskini Perihan! Akatazama mkia wa lori, akatazama uso wake, akaamua kwamba nyuma ni kule gari linakotoka. Akamwaga ndoo nzima, kwa mapenzi yote.

Dirisha la lori, upande wa Bi Nezihe, lilikuwa wazi.

Kadhi alifyatuka kapuni, akapita dirishani, akapenya chini ya katapila, akazama stooni. Hasip hakumwona. Aliona lori linasogea, akainua mkono wa chuma, akapiga. Roshani ikaanguka.

"Simama! Simama, mwanangu!" Bi Nezihe alisimama mbele ya lile dubwana, amelowa, mguu mmoja peku.

"Bibi, toka hapo! Unataka kufa?"

"Paka wangu yumo stooni!"

Hasip akazima mashine palepale. "Mama yangu akisikia nimefukia paka, hanifungulii mlango. Lakini ule ukuta nimeshaupasua, bibi. Mimi nimesimama, wenyewe hautasimama. Asiingie mtu."

Vumbi lilichuruzika kwenye ufa. Chini kukasikika mlio mwembamba, kisha kimya. Erkan akataka kujitosa. Mama yake akamdaka ukosi. Akaita, "Kadhi! Kadhi!" Wapi. Huyu hakuwahi kuja kwa kuitwa. Alikuja kwa kapu. Na dirisha la kapu sasa lilining'inia hewani.

"Perihan! Nifungulie kwako!"

Perihan alikuwa analia kizingitini. "Mikono yangu ikatike!"

"Ikatike baadaye. Una maini?"

"Nina samaki."

"Basi lete hao hao."

Bi Nezihe akalinyakua kapu lorini, wakatia samaki, wakalishusha kutoka dirisha la Perihan. Tofali likadondoka. Tundu la stoo likatoa uso, mweupe kwa vumbi. Kadhi akainua macho kwenye dirisha lake: kapu halipo. Akatazama kapu upande usio wake. Bi Nezihe hakuita. Alitikisa kamba kidogo, vile alivyoitikisa siku zote.

Kadhi akavuka njia taratibu, kama mwenye barabara. Akaingia kapuni. Walipomfikisha dirishani tu, ukuta ukaporomoka juu ya stoo, mtaa ukapotea katika vumbi.

"Mama!" Erkan alikohoa chini. "Mfunike twende, kabla hajatoroka tena!"

Mtandio ulikuwa mkononi mwa Bi Nezihe. Kadhi alimaliza samaki, akakaa ukingoni, akaukagua mtaa: bucha lipo, duka lipo, watu wake wapo. Bi Nezihe akajifuta uso kwa ule mtandio, akaifunga kamba kwenye nondo za dirisha la Perihan, fundo la mshona mapazia.

"Maini, si samaki. Na kandambili zako uzivae miguuni."

"Humchukui?"

"Anayehama ni mimi, Perihan." Akainamia lile sikio lililochanika. "Nihalalishie, bwana."

Kadhi akafumba macho polepole. Tukahesabu kwamba shauri limekwisha.

Kila Ijumaa Bi Nezihe huja kuvuta kapu. Hata sasa yuko hapa na chai yake, anasoma ninachoandika. Sipendi kujisifu, lakini msidhani siku ile walivuta wanawake wawili peke yao. Paka yule ni mzito kama kondoo wa Idi. Kamba ilianza kukatika, ndipo mimi Remzi nikaruka kutoka kwa kinyozi, nikaidaka kwa meno, mkono mmoja umeuzuia ukuta, na mkono wa pili—

"Mkono upi, Remzi? Si ulikuwa chini ya kiti cha kinyozi, povu mpaka masikioni!"