Mgeni Hajala

Dada yangu mkubwa alirudi kwangu Kawangware na mifuko miwili, mmoja wa nguo na mwingine wa kinyonga. Alikuwa ameandikwa kazi ya nyumba kwa matajiri ng'ambo ya barabara, na walipoona amekonda na kikohozi hakiishi, wakamwambia aende akapumzike kwa ndugu zake. Kinyonga alikuwa amemtoa kwenye ua wa hao watu, akamfuga dirishani pa jikoni. Kinyonga mwenyewe alikuwa na pembe tatu puani. Nilipofungua ule mfuko nilipiga nduru mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

"Woi! Sista, kwani umeniletea mkosi?" Kwetu Magharibi kinyonga haguswi, hata kumwangalia watu hawamwangalii sana.

Akacheka, akakohoa, akakaa kitandani. "Huyo ni mgeni wangu. Mheshimu."

Ningemheshimu kama angetulia. Nilimweka kwenye katoni ya sabuni, akatoka. Nikamweka kwenye kapu, nikalifunika kwa leso, akatoka. Mara nilimkuta kwenye kamba ya nguo, anatembea juu ya nguo zangu za ndani polepole, kama landilodi anayekagua ploti. Na hakula. Niliinama kwenye nyasi za watu kumtafutia panzi, mtu mzima mimi, na yeye akawatazama kwa jicho moja tu akageuka. Siku ya pili jioni, sista naye akasukuma kikombe cha uji.

"Mgeni hajala," akasema. "Mimi mwenyeji nitatanguliaje?"

Nikadhani ni mzaha, maana alikuwa mtu wa mizaha. Asubuhi akasema vilevile, na mchana pia. Vidonda vilikuwa vimemjaa mdomoni na kooni, kila akimeza machozi yanamtoka, na nilijua wazi kwamba alikuwa ametafuta kisingizio cha kutokula na sasa amekipata. Ugonjwa wenyewe siku hizo haukutajwa pale kwetu. Watu walisema tu, "Ameshikwa." Nesi aliyetupa dawa alinivuta kando akaniambia asipokula chakula, dawa zitamwangusha, na akianguka hatainuka. Niliogopa sana. Na mimi nikiogopa huwa mkali, woga wangu wote hutokea mdomoni.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Huyu wako nimpe nini, toroli?"

"Mpe nyumba," akasema. "Hatulii kwa sababu hana kwake."

Haya, nikamjengea. Laini Saba, mtaa nilikokuwa nikikaa zamani, kulikuwa na fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Nikamwambia anitengenezee sanduku refu la kusimama, upande wa mbele auache wazi, hapo nitapiga wavu wa mbu.

"La sungura?"

"La mgeni."

Akachagua bati jipya kabisa, akalisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa, na akalizunguka mara mbili kwa fahari kabla ya kunipa. Nililibeba kichwani kwa miguu kutoka Laini Saba mpaka steji ya 46 hapa Kawangware, jua linapiga bati na bati linapiga watu machoni, na kila mtu ananiuliza nimeanza biashara gani.

Ndani nikasimamisha tawi lenye vijiti vingi vya kushika. Asubuhi niliyanyunyizia majani maji, kwa sababu sista alisema huyu hajui kikombe, hulamba tone kwenye jani. Sanduku nikaliweka karibu na mlango ili lipate jua la asubuhi. Macho ya sista yalikuwa yameingia ukungu kufikia hapo, anaona mwanga na kivuli tu, kwa hiyo kazi ya kumwangalia mgeni ikawa yangu.

"Rangi gani?"

"Nyeusi."

"Basi hajatulia."

Hajatulia? Alikuwa amepata wazimu! Anapanda, anashuka, anafura, anaachama na kutoa sauti kama mafuta ya kukaangia yakiingia maji. "Aki ya Mungu nimempa ghorofa," nikapiga kelele, "sasa anataka nini, veranda?" Sista alikuwa hajaonja kitu siku ya tatu hiyo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, kisha nikarudi nikaendelea kugombana.

Kesho yake nilipoingiza kichwa ndani kubadilisha tawi, nikakutana uso kwa uso na mwanamke mkali, nywele timutimu. Nikashtuka nikagonga kichwa. Kumbe ni mimi. Lile bati jipya lilikuwa kioo! Maskini mnyama wa watu, kila alikogeuka alimkuta mwingine mwenye pembe tatu anamlenga.

Nilipomwambia sista alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akasema, kama mtu anayesema habari za mvua, "Hata mimi sijataka kioo tangu nije."

Niliwasha koroboi, nikapandisha utambi, nikaupitisha moshi kwenye bati ndani yote mpaka likawa jeusi tii. Jirani akaniuliza kama napika au naloga. Mchana ulipofika mimi mwenyewe nilikuwa masizi mpaka kwenye nyusi, lakini mgeni alikuwa amekaa kwenye tawi, miguu ameikunja, ametulia.

"Rangi gani?"

"Kijani, sista. Kijani kama ya sukuma wiki." Na ilikuwa kweli.

"Na amekula?"

Nilikuwa nimenasa nzi mnene kwa sukari, nikamwachilia ndani ya wavu. Uji ulikuwa mkononi mwangu, unapoa. Kinyonga akazungusha jicho moja kwa nzi, jingine kwangu. Tukangoja. Midomo ya sista ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na mishipa ya shingo unaweza kuihesabu. Kila alipouliza nilikuwa nimemwambia rangi ya kweli, hata kwa hasira. Siku hiyo nikasema, "Amemnasa! Sista, ungeona ulimi! Amemmeza!"

Akatabasamu. Akafungua mdomo. Nikampa kijiko cha kwanza, akakunja uso, akameza. Cha pili. Cha tatu.

"Huyo nzi," akasema taratibu, "bado namsikia anagonga bati."

Kijiko kikaniganda hewani.

"Lete," akasema, akafungua mdomo tena.

Akameza, na machozi yakamtoka, akafungua tena, mpaka kikombe kikaisha. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto. Akaupapasa mkono wangu mpaka akakipata kikombe, akakitikisa kusikia kama kimebaki kitu, akaniuliza kama sufuriani kuna kingine.