Tungule za Zuhura

Ukilifinya jani la mtungule, yaani mnyanya kwa wa bara, vidole hushika harufu kali ya ukijani ambayo haitoki hata ukinawa kwa sabuni. Harufu hiyo ikinifikia popote nilipo sikumbuki mchuzi wala kachumbari. Nakumbuka wivu. Nakumbuka paa la nyumba yetu ya Mkomani, lile la sakafu tunalolipanda kwa ngazi za ndani, na safu mbili za madebe ya mafuta yaliyotobolewa chini, yakajazwa mchanga na samadi ya punda. Safu ya upande wa kibla ilikuwa yangu. Ya upande wa pili, karibu na pale wanawake wa nyumba walipotawadhia, ilikuwa ya Zuhura.

Zuhura ni binti wa mjomba wangu. Aliletwa kwetu kutoka mashambani Kililana ili asome shule ya mjini, akaja na mfuko mmoja wa nguo na kitambaa kichafu kilichoganda mbegu. Kwao walikuwa wakikamua tungule mbivu juu ya kitambaa na kukianika, kisha kukiweka hadi msimu ujao. Mbegu zangu mimi zilitoka Mombasa. Baba alikwenda kuchukua bidhaa za duka lake akarudi na paketi inayong'aa, yenye picha ya nyanya kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Niliilaza paketi ile chini ya mto wangu. Nilipokiona kitambaa cha Zuhura nilimwonea huruma, na huruma ile ilinipendeza sana, maana tangu afike hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokuwa nacho kumzidi.

Kwa mengine yote alinizidi yeye. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja tu, lakini alijua kukuna nazi bila kujikata, alijua kunyamaza wakubwa wakizungumza, na mama yangu alimwita "mwanangu" kwa sauti ambayo mimi niliisikia nikiwa na homa tu. Mama alisema mtoto aliye mbali na mamake hutendewa upole. Nilielewa vizuri kabisa, na nikazidi kuchukia. Nilitaka na mimi niwe mbali na mama yangu, ilimradi niwe hapo hapo karibu naye.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia wakati wa mavuno. Mama alikuwa na desturi yake: akishafungua kwa tende na maji, alitafuta kitu cha kukata utamu mdomoni, na kitu hicho kilikuwa tungule moja mbichi, iliyopasuliwa na kutiwa chumvi na pilipili manga. Alifumba macho akiitafuna. Ndipo uso wake, uliokaza tangu alasiri kwa moto wa jikoni na kelele zetu, ulipolegea. Nilitaka uso ule ulegezwe na tungule yangu. Sikutaka zawadi wala sifa mbele za watu. Nilitaka mama afumbe macho, ayafumbue, aniulize, "Hii ni yako, Shufaa?"

Kwa hiyo nililea mimea yangu kama wagonjwa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kila mtu mtaani analijua hilo, na baba aliamua kwamba mbegu zake za Mombasa zinyweshwe maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye pipa. Asubuhi nilimwagilia, jioni nilimwagilia, na nikirudi kutoka madrasa niliongeza kidogo kwa mapenzi. Madebe ya Zuhura hayakupewa tone la pipa. Yalipata maji ya udhu tu. Kwetu maji ya udhu hayamwagwi ovyo penye uchafu, kwa hiyo mama na Zuhura na kila mgeni wa kike aliyepanda juu kuswali walitawadha wakiinamia madebe yale, na maji ya kisima yakatiririka kutoka mikononi na miguuni mwao hadi kwenye mizizi. Nilipita nikitabasamu. Nani amewahi kuona tungule zikilelewa kwa maji ya kuoshea miguu?

Zangu zilikuwa kubwa, lazima niseme. Zilivimba, zikawa nyekundu, majirani wakachungulia kutoka mapaa yao. Lakini ziliponona kidogo zilianza kupasuka mabegani, na ukiikata moja, maji yalichuruzika kwenye kibao, ndani mkabaki nyama nyeupe isiyo na ladha yoyote. Za Zuhura zilikuwa vidude vidogo, vyenye mikunjo kama kibofu kilichopungua upepo, na rangi isiyoamua kama ni nyekundu au ya machungwa. Siku ya kwanza ya kuchuma, tuliweka za kila mmoja kwenye kisahani chake mbele ya mama. Alichukua yangu kwanza, kwa sababu mimi ni mwanawe na hakutaka kunivunja. Akatafuna akiwa macho wazi, akasema, "Mashallah, kubwa." Kisha akachukua ya Zuhura. Akafumba macho.

Kuanzia siku hiyo alichukua kile kisahani kidogo bila hata kutazama, mkono ulikuwa umeshaijua njia. Zangu zikawa za kupeleka kwa majirani. Kwetu sahani ya futari hutoka, na hairudi tupu, na kila nyumba hutia alama ya rangi ya kucha chini ya vyombo vyake ili visipotee. Nilipeleka sahani yetu yenye doa jekundu kwa Bi Khadija, jirani wa ukuta kwa ukuta, nikiwa nimezipanga zile kubwa zilizosalimika bila ufa. Kesho yake aliniita kwake, akanirudishia ikiwa na kaimati za sukari, akanishika kidevu.

"Mwambie mamako ahsanta," alisema. "Na zile ndogo alizonionjesha, zilokuwa tamu, zimekwisha?"

Nilizila kaimati zile zote njiani, na njia yenyewe ilikuwa hatua chache tu. Usinione mbaya. Sikuing'oa mimea ya Zuhura, wala sikuimwagia kitu. Niliitazama tu kila siku, nikiiombea viwavi.

Leo mimi ni mama wa watu, na naishi kwenye nyumba ile ile. Sokoni tunauziwa nyanya za kutoka bara, zinazofika kwa lori zikiwa na ngozi ngumu na safari nyingi kuliko ladha. Zuhura alirudi Kililana, ana shamba lake upande ambao barabara ya bandari mpya haijaumeza, na huuza tungule kwa makreti. Mwaka huu alinipigia simu akilalamika. "Dada, huku zatoka nyingi, lakini hazina ladha ile ya kwenu. Yale mai yenu yana nini?" Kuulizwa siri ya maji yetu kulinifurahisha siku nzima. Hatimaye kulikuwa na kitu nilichonacho ambacho Zuhura alikitaka. Nilimwambia anitumie mbegu, akatuma, zikiwa zimeganda kwenye kitambaa.

Nikazipanda kwenye ndoo kuukuu, upande ule ule aliokuwa nao yeye. Bomba la maji matamu limefika hadi juu siku hizi, lakini sikulifungua. Nilitawadha nikiinamia ndoo zile kwa maji ya kisima, swala baada ya swala, na wajukuu wa Bi Khadija wakanicheka. Zikatoka ndogo, zenye mikunjo, na rangi isiyoamua.

Mama sasa haoni vizuri, na hashuki tena ngazi peke yake. Ramadhani ilipoingia nilimpasulia moja, nikatia chumvi na pilipili manga, nikamwekea kiganjani baada ya tende. Alitafuna polepole. Akafumba macho, na uso ule nilioungoja tangu utotoni ukalegea mbele yangu.

"Hizi ni za Zuhura," alisema.

"Ni zangu, mama. Nimezipanda mwenyewe, hapa juu."

Alicheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto.

"Zako, Shufaa, zina mai," alisema, akapapasa sahani kutafuta nyingine.